Korogwe mpaka Lushoto kwa baiskeli siku moja, ukiwa peke yako

Hii ruti kwenye ramani inaonekana ndogo. Korogwe mpaka Mombo kama kilomita 40 na kitu, Mombo mpaka Lushoto 33, jumla inakuja kama 75 hivi, na mtu aliyezoea kupiga mia kwenye tambarare anaona ni mchezo. Shida ni kwamba nusu ya kwanza uko bondeni kwenye joto la mkonge, halafu nusu ya pili unapanda karibu mita elfu moja kwenda juu, unaingia kwenye ukungu, manyunyu na baridi ya kuvaa sweta mchana. Ukiipanga hii siku kwa kilomita utaumia, ipange kwa saa. Uwe umefika Mombo kabla ya saa 4 asubuhi na Soni, mji mdogo ulio njiani mlimani, kabla ya saa 8 mchana, na karibu yote ninayoandika hapa chini ni kwa ajili ya kuziwahi hizo nyakati mbili.

Kwanza chagua mwezi

Juni mpaka Septemba ndo muda mzuri, bondeni joto linapungua kidogo na upepo wa kusi mara nyingi unakusukuma mgongoni ukitokea Korogwe, ila juu huko baridi ya Juni na Julai si ya mchezo, usidharau kwa sababu eti uko Tanga. Januari na Februari bondeni ni tanuri lakini Lushoto kuna matunda ya kumwaga na mimi binafsi naupenda huo msimu kuliko wote. Vuli, yaani Oktoba mpaka Desemba, inawezekana ila ubebe koti la mvua la maana. Masika, Machi mpaka Mei, achana nayo. Ile barabara ya mlimani imechongwa ubavuni mwa mlima, mvua ikikaa siku kadhaa udongo na mawe vinashuka barabarani, na wewe uko peke yako na tairi mbili.

Baiskeli yenyewe

Huhitaji baiskeli ya mamilioni. Mtumba wa mauntenibaiki wenye gia tatu mbele unatosha kabisa, cha kuangalia ni gia ndogo kuliko zote: mbele sahani ndogo iwe na meno 28 kushuka chini, nyuma sahani kubwa iwe na meno 32 au 34. Jipime nyumbani, funga mzigo wako wote, tafuta mlima wowote jirani, kaa kwenye siti upige pedali dakika ishirini kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kama magoti yanalia au inabidi usimame kila mara basi gia zako ni nzito, nenda kwa fundi abadilishe kabla hujasafiri, maana ule mlima wa Mombo hauna muda wa kukuzoesha. Ukiwa na Phoenix isiyo na gia bado unafika, ila panga kusukuma sehemu kubwa ya kupanda na uongeze saa mbili. Kusukuma si aibu, wenyeji wenyewe wanasukuma.

Breki ziangaliwe kwa macho, mpira wa breki ukibaki mwembamba badilisha. Tairi zisiwe na mipasuko ubavuni. Na funga kioo cha pembeni, vile vioo vya bodaboda vinauzwa bei ndogo na vinaingia kwenye usukani bila tabu, kwa mtu anayeenda peke yake kwenye barabara ya mabasi kioo ni muhimu kuliko hata spidomita.

Mzigo

Watu wengi wanabeba kama wanahama. Kwa siku hii moja na kulala Lushoto unahitaji fulana mbili (moja ya kupandia, moja kavu isiyoguswa mpaka Soni), sweta au koti la kuzuia upepo, koti la mvua, suruali ndefu nyepesi, soksi za akiba, kofia ya kichwa ya kuvaa jioni. Vitu vya nguo vyote viwe ndani ya mifuko ya nailoni kwanza ndo viingie kwenye begi, maana begi hata likiandikwa haliingizi maji, linaingiza. Vifaa: tyubu mbili, viraka, solusheni, msasa, pampu, vibanio vya kutolea tairi, spana za kuendana na nati zako, kichupa cha oili ya cherehani, mpira wa kufungia mizigo. Taa ya mbele na ya nyuma hata kama hupangi kuendesha usiku, hizo ni za ukungu. Reflekta ile ya bodaboda, helmeti, powa benki. Hela ya noti ndogondogo.

Vitu vizito viweke chini na karibu na ekseli, usivirundike juu ya karia, maana kwenye kupanda gurudumu la mbele linakuwa jepesi na baiskeli inaanza kuyumba kila ukikandamiza pedali.

Usiku wa kabla lala Korogwe

Kama unatoka Dar au Arusha panda basi ushuke Korogwe mchana. Bei ya baiskeli mpatane na kondakta kabla haijaingia kwenye buti, ikishaingia tu umeshapoteza nguvu ya kubishana. Zungusha usukani ulale sambamba na fremu, toa pedali, na uwepo mwenyewe wakati inapangwa, upande wa gia ukae juu.

Jioni tafuta gesti ya chini isiyo na ngazi uingie na baiskeli chumbani. Na hii usisahau: nunua chapati au mandazi usiku huohuo, mwombe dada wa mapokezi kama utapata chai kwenye chupa, kwa sababu saa 11 alfajiri mama ntilie wengi bado wanakoka moto. Mtumie mtu mmoja unayemwamini mpango wako mzima kwa meseji, kwamba utamjulisha ukifika Mombo, Soni na Lushoto, na kwamba asipopata kitu mpaka saa 1 usiku apige simu. Mtu mmoja tu, siyo grupu zima, grupu kila mtu anadhani mwenzake ameangalia.

Kuondoka: saa 12 kasoro, siyo saa 1

Amka saa 11, kunywa chai, kula, jaza chupa zote, kukianza tu kupambazuka uko barabarani. Hii siyo sifa. Mabasi yaliyotoka Dar alfajiri yanaanza kukufikia kuanzia kama saa 4, ukiondoka mapema kipande chote cha barabara kuu unakipiga wakati malori ni mengi kuliko mabasi, na malori kwa kweli yana adabu kuliko mabasi. Pili ni jua. Kuanzia saa 3 na nusu lami ya bonde hili inaanza kurudisha joto usoni na kivuli hakuna, mkonge haukupi kivuli.

Kipande hiki ni kizuri sana alfajiri. Mashamba ya mkonge yamepangwa mistari mpaka macho yanachoka, kulia kwako ukuta wa Usambara umesimama mweusi halafu jua linapotoka nyuma yake ule ukuta unaanza kuonyesha mikunjo, mabonde, moshi wa majiko huko juu. Kushoto ni bonde la mto Pangani. Reli nayo inakwenda na wewe, hii ndo ile Wajerumani waliyoianza Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo 1905, halafu ikaendelea mpaka Moshi. Mtu mwenye baiskeli anaelewa haraka kwa nini waliipitisha hapa chini na siyo juu.

Mwendo wako hapa uwe wa kuongea. Kama huwezi kumsalimia mtu sentensi nzima bila kuhema basi unakimbia, punguza. Nguvu utakazotumia kupata dakika kumi hapa zitakudai dakika arobaini kule mlimani, na upepo ukikusukuma ndo rahisi zaidi kujidanganya.

Vijijini kuna matuta na rasta, yaani vile vituta vidogo vya mfululizo. Tuta punguza, rasta inuka kidogo kwenye siti magoti yalegee, la sivyo mzigo unafunguka taratibu bila wewe kujua. Baada ya kila rasta gusa mzigo kwa mkono wa nyuma, ni sekunde moja. Na kioo kikikuonyesha basi linakuja nyuma huku mbele kuna lori linakuja, usisubiri uone nani atakuwa muungwana, shuka kwenye changarawe mapema ukiwa umepunguza mwendo, waache wapite, rudi. Ukingoni mwa lami kuna sehemu zenye ngazi, kwa hiyo ushukie pale ambapo lami na udongo viko sawa. Spika za masikioni vua, siku nzima.

Ukisimama bondeni usiiburuze baiskeli kwenye majani

Hapa nataka nikae kidogo kwa sababu pancha nyingi za hii ruti hazitokei barabarani, zinatokea pale mtu anaposimama kujisaidia au kupiga picha. Pembeni ya lami kuna mbigiri na miiba ya migunga iliyokauka. Ukitaka kutoka nje ya lami ibebe baiskeli au iache ukingoni penye udongo mtupu.

Ukipata pancha usikimbilie kubadilisha tyubu ukaendelea. Toa tyubu, pulizia upepo, ipitishe karibu na mdomo wa juu, pale kwenye ngozi chini ya pua, upepo unaotoka utausikia hata kama masikio hayasikii. Tia alama. Halafu ilinganishe tyubu na tairi, valvu kwa valvu, tundu litakuonyesha mwiba uko wapi. Sasa pitisha ncha ya kidole ndani ya tairi polepole mzunguko mzima, polepole kweli, kwa sababu mbigiri inavunjika inabaki kipande kidogo kama punje ndani ya mpira, ukiharakisha itakuchana kidole na ukiikosa itatoboa tyubu mpya baada ya kilomita mbili. Ing'oe kwa kusukuma kutoka ndani kwenda nje. Kiraka: sugua msasa mpaka pale panapong'aa pafifie, paka solusheni nyembamba, subiri mpaka isiwe na majimaji na kidole kisinate, ndo ubandike na kukandamiza kwa kisigino cha mkono. Watu wanabandika ikiwa bado mbichi, inashika, halafu lami ikipata moto kiraka kinateleza.

Mombo

Ukifika Mombo kabla ya saa 4 uko vizuri. Hapa kaa nusu saa mpaka dakika arobaini, siyo zaidi. Kula wali maharage kiasi, au ndizi na chapati, usile ugali na nyama choma ukapanda mlima nao, tumbo litakuwa linataka damu wakati miguu nayo inaitaka. Jaza maji lita tatu. Kama hukupata ORS (ile dawa ya unga ya kurudisha maji na chumvi mwilini) duka la dawa, tengeneza mwenyewe: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi, koroga. Chupa moja iwe hiyo, nyingine maji matupu. Meseji ya kwanza mtumie mtu wako.

Halafu kabla hujapanda tazama juu, kwa sababu Mombo ndo sehemu ya mwisho ambapo unaona hali ya hewa kwa mbali, ukishaingia kwenye korongo unaona kona inayofuata tu. Hewa yenye unyevu inatoka baharini, inagonga milima, inalazimika kupanda, inapoa na kuwa wingu, na upande huu wa Mombo na Mazinde unabaki mkavu. Ndo maana unaweza kuungua jua Mombo huku Lushoto wamewasha majiko. Wingu jeupe lililokaa juu ya ukingo asubuhi ni kawaida, nenda. Wingu likiwa limeshuka katikati ya mlima na ni la kijivu, nenda ila koti la mvua liwe juu kabisa ya mzigo. Ukiona giza zito na radi kwenye korongo lenyewe, kunywa soda nyingine usubiri, au lala Mombo. Ukiwa peke yako hakuna wa kukubembeleza uende, tumia hiyo faida.

Kupanda mpaka Soni

Kata kulia Mombo na mlima unaanza hapohapo, hauna utangulizi. Mpaka Soni ni kama kilomita 16 za kona, lami nyembamba, ukuta wa mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili. Ingia gia ndogo kabla haujaihitaji, ukibadilisha wakati umeshaikandamiza pedali cheni inaruka au inakatika. Mwendo wa kilomita 6 mpaka 8 kwa saa ni mwendo halali kabisa. Piga dakika ishirini, pumzika tatu, kunywa mafunda mawili matatu hata kama hujasikia kiu, kula kitu kidogo kila nusu saa, karanga, ndizi, kipande cha sukari guru. Usingoje njaa, ikishakuja miguu inazima ghafla na hapo hakuna duka.

Kona ndo zinataka akili. Tunaendesha kushoto, kwa hiyo kona inayokata kushoto inakuficha kwa gari linalotoka nyuma yako, dereva anakuja kukuona akiwa ameshafika. Kabla ya kona kama hiyo sikiliza, tazama kioo, kama kuko wazi toka kidogo kuelekea katikati ya njia yako uonekane mapema, ukishaimaliza rudi pembeni. Ukisikia honi kutoka juu ni Fuso la mboga au kosta inashuka, na wakati mwingine inakata kona kwa kula upande wako, simama kabisa pembeni nje ya lami uiache. Usipumzike kwenye kona hata kama kivuli chake kitamu, pumzika pale panaponyooka.

Joto linashuka kidogo kidogo, kawaida ni kama nyuzi sita kwa kila mita elfu unazopanda, na harufu nayo inabadilika, vumbi linakwisha na unaanza kunusa majani mabichi na migomba. Karibu na Soni utasikia maporomoko kabla hujayaona. Watoto watakimbia na wewe, wasalimie, wazee wape shikamoo, ukiwa unapanda polepole hivi hakuna asiyekuona na salamu moja inakupa taarifa zote: mbele kuna mvua, kuna gari limekwama, maji yako wapi.

Soni: badilisha fulana

Hapa ndo watu wanakosea na ndo wanapata mafua. Umefika umeloa jasho, unajisikia shujaa, unakaa kwenye kivuli na soda baridi. Uko kwenye kama mita 1,200 sasa, dakika kumi tu na ile fulana inageuka barafu mgongoni. Kabla ya soda, kabla ya picha, tafuta sehemu ya faragha, vua ile iliyoloa, jipanguse na kanga au taulo dogo, vaa ile kavu, koti la upepo juu yake. Kama huna koti zuri, gazeti lililokunjwa kifuani ndani ya sweta linazuia upepo vizuri kuliko unavyodhani. Halafu sasa chai, ya moto, na sukari usibanie.

Desemba mpaka Februari utakutana na matunda damu, peasi na pichi kwenye ndoo na visado pembeni ya barabara. Nunua kidogo, ule hapohapo, maana pichi kwenye begi la baiskeli inafika uji.

Soni kuna njia panda ya kwenda Bumbuli, wewe usiikate, fuata lami ya Lushoto. Imebaki kama kilomita 17 na kupanda kumepungua, ni juu chini juu chini. Kama ni saa 8 una muda wa kutosha. Kama imeshafika saa 10 na nusu na mvua inanyesha, lala Soni au tafuta Noah yenye karia, giza linaingia saa 12 na nusu na kwenye miti linaingia mapema zaidi.

Mvua na ukungu

Mvua ikikukuta kipande hiki vaa koti kabla hujaloa, washa taa zote mbili, punguza upepo kidogo kwenye tairi zishike lami. Dakika za kwanza za mvua ndo mbaya kuliko mvua yenyewe, vumbi na mafuta ya magari vinakuwa utelezi, mistari myeupe ya barabarani usiikanyage ukiwa umeinama kwenye kona. Kwenye miteremko midogo shika breki kidogo kidogo mapema ili rimu zijikaushe, zikiloa zinachelewa kushika. Radi zikianza kuwa karibu usijikinge chini ya mti mmoja uliosimama peke yake, ingia kwenye kibaraza cha duka au nyumba, piga hodi, watu wa huku hawakufukuzi.

Ukungu ni kitu kingine. Kama huoni nguzo ya pili ya umeme mbele yako basi dereva naye hakuoni, shuka, sukuma baiskeli pembeni kabisa nje ya lami taa ikiwa inawaka. Ukungu wa huku mara nyingi unapita kama wingu, dakika ishirini unafunguka na unaona mashamba ya kabichi na karoti yameningʼinia ubavuni.

Ukifika Lushoto

Meseji kwanza. Halafu gesti yenye maji ya moto, uliza kabla ya kulipa, hata ndoo ya kuchemshwa jikoni inatosha. Kabla hujaoga shughulikia baiskeli wakati bado umechafuka: futa cheni na kitambaa, tone la oili ya cherehani kwenye kila pingili, zungusha, futa tena ya ziada. Oili chafu ya injini ambayo mafundi wengi wanapaka inakamata mchanga na kula meno. Viatu vijaze magazeti, ukibadilisha mara moja kabla ya kulala asubuhi vinavalika. Kula ushibe kweli sasa, hapa ugali na nyama ruksa.

Ukibaki siku ya pili, Irente iko kilomita chache tu nje ya mji na unatazama kutoka juu lile bonde lote la Mazinde. Nenda asubuhi, mchana mawingu yanaziba.

Na siku ya kushuka kagua mpira wa breki tena, maana mvua yenye mchanga inaula haraka. Usiishikilie breki moja kwa moja kutoka Soni mpaka Mombo, bana kwa nguvu kidogo, achia, bana, achia, nyuma na mbele kwa zamu. Kila baada ya kilomita tatu nne simama penye nafasi, mwagia rimu tone la maji, likichemka na kuruka pumzika mpaka zipoe, kwa sababu rimu ikipata moto sana tyubu inapasuka, na viraka ndo vinaanza kuachia.